Taa Nyekundu ya Pikapu ya Abdalah

Kama ulipita Kasulu mwaka wa sabini na sita na hukukaa kwenye benchi la kahawa pale mteremkoni, ng'ambo ya duka la Abdalah, basi wewe hukupita Kasulu, ulipitishwa. Hapo palijadiliwa kila kitu duniani na hakikutengenezwa hata kimoja. Wenye benchi walikuwa watatu. Isihaka muuza nguo aliitwa Bandari, kwa kuwa aliwahi kukaa Tanga miezi minane na hajaacha kuisimulia. Mwalimu Tharsisi, aliyeletwa na serikali kutoka Bukoba, aliitwa Redio kwa sababu hazimiki. Wa tatu alikuwa Hamis fundi saa, Dakika kwa jina la kijiweni, na asubuhi hiyo kahawa yake ilikuwa ikipoa bila kuguswa.

Hakuigusa kwa ajili ya pikapu ya Abdalah. Siku tatu nyuma injini ilinoki, ikafa kabisa, njiani kwenda Kibondo, karibu na Makere, na dereva wake, Renatus, alirudi juu ya lori la tumbaku. Sasa alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, hanywi. Abdalah alikuwa ametoa neno lake: fundi akitoka Kigoma akasema taa ya kuonya oili ikipungua ilikufa yenyewe, hiyo ni kazi ya Mungu, Renatus ataendesha tena. Akikuta mkono wa mtu, Renatus arudi kwao Muyama akalime.

Mkono wa mtu ulikuwepo, na ulikuwa wa Hamis. Walijua wawili tu, yeye na Renatus. Wiki iliyotangulia taa ile nyekundu ilikuwa ikiwaka kila pikapu ikipanda mlima. Benchi zima likainuka, likachomoa kijiti cha oili, likaona imefika kwenye alama. Oili imejaa, taa inalia, basi mwongo ni taa. Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Bandari, na wote wakaitikia. Walipotawanyika, Hamis akatoa bisibisi yake ndogo ya saa, akaing'oa balbu. Renatus alisita, akasema tuiache tu, haitudhuru. Hamis akamcheka, eti dereva mzima unaogopa kitaa kama punje ya mtama. Masikini Hamis, kicheko kile ndicho kilichokuwa kinamrudia sasa.

Benchi nalo, lisilojua haya, lilikuwa limeshapata sababu mpya.

— Lile gari la pwani, alisema Bandari. Ukilinyima upepo wa chumvi miaka mitatu linakauka ndani. Mkataa kwao mtumwa.

— Ni mawimbi ya redio ya Bujumbura, alisema mwalimu. Kule mlimani yanapiga sawasawa. Yalianza na taa, yakazoea, yakaingia kwenye chuma.

— Mbona redio yako haijanoki?

— Yangu imesoma.

Wakacheka. Renatus hakucheka, na Hamis alijilazimisha akashindwa.

Ndipo alipofika fundi kutoka Kigoma, Reverien, ovaroli limelowa oili, ametoka moja kwa moja Makere kuikagua pikapu. Alikaribishwa kahawa, akashukuru, akauliza kama kuna aliyepima oili kabla ya safari. Mwalimu akajibu kwa fahari kwamba walipima wao, tena hapa hapa.

— Gari likiwa limetazama wapi, ndugu zangu?

Wakageukia mteremko. Wote walijua pikapu ilikuwa ikielekezwa bondeni siku zote, maana stata yake ilikuwa imechoka na bila kuserereka haiwaki. Fundi akawaeleza taratibu, kama mtu anayefundisha wakubwa zake: gari likiinamisha pua, oili yote inakimbilia mbele na kukipanda kijiti, hata nusu huonekana imejaa.

— Taa iliwaambia kweli, alisema.

Bandari akavitazama viatu vyake. Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu aletwe Kasulu, akazimika.

— Tena balbu haikuungua, fundi akaendelea. Haipo kabisa. Nani aliitoa?

Neno lilimfika Hamis kwenye ulimi. Akawaza kibanda chake. Akawaza ni nani atakayemwachia saa tena akisikia kwamba ndiye aliyeua injini ya mtu. Aliwaza hivyo kwa muda wa funda moja tu la kahawa, si zaidi, Mungu shahidi.

— Mimi, alisema Renatus.

Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni, akaweka kikombe, akavuka barabara kuingia dukani kwa Abdalah. Bandari na mwalimu wakamtazama Renatus kama wanaomwona leo. Yeye akainuka, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Hamis alimkimbilia mpaka nyuma ya soko. Akamshika mkono, akamuuliza kwa nini amebeba kisicho chake. Renatus hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo.

— Nilikungoja kidogo useme, Hamis. Nikaona huji.