Gari la Meneja Limechemka

FUNDI: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MENEJA: Haloo? Haloo — unanipata? Ni mimi, shemeji. Mume wa dada yako.

FUNDI: Meneja! Makubwa. Miaka sita umemuoa dada yangu, leo ndiyo mara ya kwanza kunipigia.

MENEJA: Habari za huko?

FUNDI: Za huku nzuri. Sema shida.

MENEJA: Gari limechemka. Mvuke unatoka mbele kama —

FUNDI: Mama yuko wapi?

MENEJA: Yuko salama, yuko ndani ya gari, nime—

FUNDI: Ndani ya gari linalofuka? Mtoe! Mtafutie kivuli kwanza, ndipo tuongee.

MENEJA: (anahema) Haya. Nimemkalisha kwenye benchi, mbele ya duka la mbao. Sasa sikiliza, daktari wa macho anamtaka saa nne na nusu, na hii ni saa tatu na robo —

FUNDI: Unaniambia mimi? Nani alikwenda mara tano pale dirishani hospitali kuiomba hiyo tarehe? Hii ni mara ya tatu anapangiwa upasuaji. Akikosa leo anarudi mwisho wa orodha, na jicho la kulia limeshaacha kuona. Nilisema nimpeleke mimi. Ukajibu nini?

MENEJA: Shemeji, huu si wakati —

FUNDI: Ukajibu mama mkwe wako hawezi kushuka hospitali kwenye pikapu inayonuka oili, pale watu wanakujua. Haya, teksi umeita?

MENEJA: Wanasema saa nzima, barabara imeziba. Na gereji yangu nikipiga naambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili, halafu wananipigia muziki.

FUNDI: Gereji ipi? Ile yenye sakafu ya marumaru, mteja anapewa kahawa?

MENEJA: Ni gereji yenye vyeti ukutani. Si kila mtu akilala chini ya gari anaweza kujiita —

FUNDI: Malizia.

MENEJA: Mtandao unakatakata.

FUNDI: Haukati. Nakusikia vizuri sana. Kujiita nani?

MENEJA: Nisaidie tu, shemeji.

FUNDI: Injini umezima?

MENEJA: Niliiacha, kwa ajili ya kiyoyozi —

FUNDI: Zima! Chomoa ufunguo utie mfukoni. Weka simu kwenye spika, uilaze pembeni. Mikono yako naitaka yote miwili.

MENEJA: Tayari. Boneti nimefungua.

FUNDI: Lilichemka mkiwa mwendoni au kwenye foleni?

MENEJA: Foleni. Kule barabara kubwa sindano ya joto ilitulia. Tulipoanza kusogea kidogo kidogo ikapanda, ikapanda... Nikajua sindano ni mbovu.

FUNDI: Sindano inakwambia gari linaungua, wewe unaiona sindano mwongo. Umeneja huo.

MENEJA: Nafungua huu mfuniko wa rejeta niongeze maji, nina leso ha—

FUNDI: Wee! Toa mkono! Toa! Maji ya humo yanatokota na yamebanwa. Yatakurukia usoni, mlazwe wawili. Usiguse mpaka nikwambie.

MENEJA: Hakuna haja ya kufoka.

FUNDI: Chini ya gari kunavuja?

MENEJA: Unataka niiname? Nimevaa suti.

FUNDI: Inama.

MENEJA: (sauti ya mbali) ...Pakavu.

FUNDI: Vizuri. Ukiwa mwendoni, upepo wenyewe unaipoza rejeta. Kwenye foleni upepo hakuna, kazi hiyo ni ya feni. Iko nyuma ya rejeta. Feni unaijua?

MENEJA: Mimi si mtoto. Hii nyeusi yenye mapanga?

FUNDI: Hiyo. Usitie kidole, inaweza kuzunguka ghafla hata gari likiwa limezimwa. Tafuta kijiti uisukume.

MENEJA: Inazunguka. Laini kabisa.

FUNDI: Basi haijakwama. Fuata waya wake polepole. Unaishia wapi?

MENEJA: Unapita hapa... unakuja hapa... Unaishia hewani.

FUNDI: Rudia?

MENEJA: Plagi inaning'inia. Haikuchomekwa popote.

FUNDI: Nani kaligusa gari hilo juzijuzi?

MENEJA: Kaligusa... nani?

FUNDI: Shemeji?

MENEJA: Walibadilisha rejeta. Jumatatu.

FUNDI: Wenye vyeti.

MENEJA: Ndio.

FUNDI: Na kahawa wakakupa.

MENEJA: ...Na kahawa wakanipa.

FUNDI: Tafuta tundu lake pembeni, uisukume mpaka isikike inalia ta.

MENEJA: Subiri... Imelia! Lo, mikono yangu! Oili mpaka kwenye pindo la shati!

FUNDI: Pole sana. Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kwenu? Ulinitandikia gazeti kwenye kochi ndipo nikae. Nimeoga, nimevaa gauni jipya.

MENEJA: Sikumbuki.

FUNDI: Mimi nakumbuka. Kichwa cha habari kilikuwa bei ya sukari. Acha gari lipoe nusu saa. Usilimwagie maji ya baridi. Omba maji hapo dukani, kisha nipigie.

(Simu inakatika. Baada ya nusu saa inaita tena.)

MENEJA: Haloo, shemeji, nina lita tano.

FUNDI: Shika paipu ya juu kwa nje. Bado moto?

MENEJA: Vuguvugu.

FUNDI: Lowesha kitambaa, funika mfuniko, zungusha robo tu. Ukisikia unapumua, acha upumue. Ukinyamaza, toa.

MENEJA: Umenyamaza... Nimetoa. Nikichungulia sioni maji.

FUNDI: Mimina taratibu mpaka yaonekane juu. Funga. Sasa washa, weka na kiyoyozi.

MENEJA: (injini inanguruma) Inavuma! Feni inavuma, shemeji!

FUNDI: Sindano?

MENEJA: Katikati. Haisogei.

FUNDI: Mpeleke Mama. Na sindano uwe unaiamini.

MENEJA: (sauti inasogea mbali) Mama, twende, tutawahi! Plagi tu ya feni, nimeigundua nikaichomeka. Hapana, hajaja fundi yeyote, nimetengeneza mwenyewe. Hii? Aa, simu ya ofisini tu. (anarudi kwenye simu) Haloo? Bado upo? Nashukuru, basi. Salio linaisha. Na, shemeji... si lazima dada yako ayajue haya —

FUNDI: Nipe Mama.

MENEJA: Nimekwambia salio lina—

FUNDI: Nipe Mama.

MAMA: Haloo, mwanangu.

FUNDI: Shikamoo, Mama. Umejuaje ni mimi?

MAMA: Marahaba. Benchi liko hatua tatu kutoka kwenye boneti. Macho ndiyo mabovu, masikio sijawahi kuyapeleka hospitali.

FUNDI: Mwache tu, Mama. Usije ukapandisha presha wakakurudisha.

MAMA: Nimetulia tuli. Jioni njoo unichukue wewe.

MENEJA: (kwa mbali) Mama, nitakuja mimi, nina nafasi —

MAMA: Huna, baba. Ofisini watakupigia simu tena. Mwanangu, saa kumi na moja, mlango wa —

(Salio limekwisha.)