Ndugu Benedicto Mogesi na Mtu Aliyemezwa na Wimbi

Leo tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Benedicto Mogesi, fundi wa sinema wa wilaya yetu, anastaafu. Ametumikia miaka ishirini na mitano kamili, na hakukosa kazini isipokuwa siku nne, ambazo nitazieleza. Karani alitaka kuandika habari hizi yeye. Nikamwambia, wewe umekuja juzi, Benedicto unayemjua ni wa mezani. Wa barabarani namjua mimi, Rubeni Marwa, dereva wa gari la sinema, niliyeendesha kutoka Sirari mpaka Mugumu miaka yote hiyo bila kupindua. Wengine wamepindua. Siwataji.

Alianza kazi tarehe 1 Julai 1959 kwa kubeba nguzo za kutundikia kitambaa cheupe. Baada ya miaka mitatu alikuwa anaendesha mashine mwenyewe, na hakuna aliyemfundisha, aliiba kwa macho. Siku moja kijijini Kewanja mkanda wa mashine ulikatika katikati ya filamu ya kilimo. Benedicto alitoka nje, akachomoa mpira wa ndani wa baiskeli ya mwenyekiti wa kijiji, akakata kipande, akafunga, filamu ikaendelea. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amekaa mbele anashangilia. Alipotoka akakuta gurudumu limelala, akasukuma baiskeli yake mpaka nyumbani huku anacheka. Mtu mwingine angefanya hivyo angefungwa.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mdomo. Filamu nyingi zilikuja na maneno ya Kiingereza. Yeye alizima sauti, akashika kipaza sauti, akaeleza mwenyewe, Kiswahili kidogo na Kikurya kingi, na tukivuka mto Mara akaongeza Kiikoma. Watu walisema sinema ni Benedicto, mashine inamsaidia tu. Gari walilisahau, kana kwamba sinema ilitembea kwa miguu.

Sasa nije mwaka 1969. Wakati huo Benedicto alikuwa na miaka arobaini na hana mke. Kwetu hilo ni jambo. Kila kijiji tulichofika akina mama walimuuliza, "Mura, kijana wetu, wewe utaoa hiyo mashine?" Mama yake, Bernadetha, alikuwa hataki tena hata kunisalimu, alisema mimi na gari langu ndio tuliomwozesha barabara. Hatimaye Benedicto akamposa Wegesa, binti wa Mzee Mseti wa Genkuru. Ng'ombe wakaenda, wakakubaliwa, harusi ikapangwa Jumamosi. Jumanne ya juma hilohilo tulikuwa na zamu ya sinema hapohapo Genkuru.

Mwaka huo tulikuwa tumeletewa mikebe sita ya filamu kutoka ubalozi mmoja. Ulikuwa mfululizo uliotengenezwa kwa televisheni ya huko kwao, nasi televisheni hatukuwa nayo na hata leo hatuna. Ulihusu watu wanaopanda mawimbi makubwa ya bahari wakiwa wamesimama juu ya ubao. Hakuna jembe ndani yake, hakuna choo bora, hakuna chanjo ya ng'ombe. Ofisini walitaka kuirudisha. Benedicto akasema hapana, watu wetu wamelima mwaka mzima, nao waone mtu mwingine akitoka jasho.

Tulionyesha mchana, ndani ya ghala la chama cha ushirika, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Ghala lilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya mabega ya baba zao. Wimbi la kwanza lilipoinuka, wazee wa mbele walikunja miguu yao wasilowane. Mama mmoja, Esta, akauliza kwa sauti, "Huyu anacheza majini mchana kutwa, ng'ombe wake nani anachunga?" Benedicto akajibu palepale, "Mama, hao wanaokimbia nyuma yake ndio ng'ombe wake. Wale weupe." Ghala zima likaangua kicheko.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi. Mpanda mawimbi mkuu katika filamu alikuwa na jina la kwao ambalo hata yeye hakuweza kulitamka. Akataka kuwapendeza wakwe. Akamwita Nyamhanga, jina la marehemu baba yake Mzee Mseti. Kwetu jina la marehemu haliitwi ovyo. Ukimpa mtu, umemwingiza katika nyumba ile, amekuwa wao. Mzee Mseti alisikia, akakaa wima, akawaambia majirani, "Mnamwona baba yangu?" Tangu hapo kila wimbi likija, ukoo mzima ulisimama. Mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu, Nyamhanga anapanda tu, na wanamwimbia nyimbo za kusifu wanaume.

Mwisho wa mkebe wa nne lilikuja wimbi ambalo mimi mwenyewe, niliyevuka mto Mara umejaa kwa gari, sijaona maji kama yale. Kama mlima umeamka. Nyamhanga akateremka nalo, likajikunja juu yake, likafunga. Ubao ukarushwa juu peke yake. Filamu ikaisha hapo, kwa makusudi, ili watu wa huko wakae wiki nzima wakisubiri sehemu ya tano.

Benedicto akanyoosha mkono kuchukua mkebe wa tano. Haukuwemo. Ulikuwa umebaki Mugumu, ng'ambo ya mto, mahali tulipotoka.

Mama mmoja akalia kilio cha msiba, na wengine wakapokea. Mzee Mseti alikuja mpaka kwenye mashine. Benedicto akasema, "Shikamoo, baba." Mzee hakuitikia. Akasema, "Umempa jina la baba yangu mbele ya watu, halafu umemzamisha. Hata mwili hukutuonyesha."

Benedicto akamweleza kwamba ni picha tu, na yule ni Mzungu. Mzee akajibu, "Alikuwa Mzungu. Wewe ndiye uliyemleta nyumbani kwangu. Binti hatoki katika nyumba yenye msiba. Na hilo gari halitoki Genkuru mpaka nijue baba yuko wapi."

Vijana wakaweka magogo mbele na nyuma ya gari langu. Ningeweza kuyaruka, lakini niliheshimu wazee.

Mambo yalikuwa hivyo: Jumanne jioni, harusi Jumamosi, bwana harusi amekuwa kama mwuaji. Wengine walianza kusema kwamba mtu aliyefika miaka arobaini bila mke ana mkosi, na mkosi wenyewe ndio huu umeonekana. Wegesa alikuwa ameshafungiwa ndani anapakwa samli, kama bibi harusi wa kwetu. Akamtuma shangazi yake, Verdiana, na ujumbe ambao Genkuru wanautaja mpaka leo: "Mwambieni amtafute huyo Nyamhanga, akiwa mzima au akiwa mfu. Mimi nimeshapakwa, sirudi kuwa mkavu."

Benedicto aliposikia hivyo akafunga viatu. Jumatano alfajiri aliondoka kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu na Mara ulikuwa umefurika, una rangi ya chai ya maziwa, unabeba miti mizima. Pale gari linapovuka kiangazi hapakuwa na mahali pa kuvuka. Mzee mmoja mwenye mtumbwi alikataa mara mbili. Mara ya tatu akamwuliza, "Unajua kuogelea?" Benedicto akasema, "Sijui." Akamwuliza, "Sasa unakimbilia nini?" Akasema, "Mke." Yule mzee akachukua kafi.

Hivyo mtu aliyeeleza mawimbi ya bahari kwa kipaza sauti siku nzima alivuka mto akiwa amelala kifudifudi ndani ya mtumbwi, amefumba macho, anasali sala zote alizofundishwa na nyingine alizotunga. Kiboko alitokea mara moja. Akafika Mugumu Alhamisi, akauchukua mkebe, akaufunga mgongoni kwa kanga ya kuazima kama mtoto mchanga, akarudi kwa njia ileile na mtumbwi uleule. Ijumaa jioni aliingia Genkuru matope mpaka kwenye nyusi. Siku zote hizo mimi nilikuwa nalinda mashine, kazi ambayo nayo si ndogo.

Jumamosi asubuhi, siku ambayo harusi ingekuwa, ghala lilijaa kuliko Jumanne. Hakuna aliyecheka. Benedicto aliweka mkebe wa tano. Filamu ikatoka kwenye meno ya mashine mara mbili, akairudisha. Maji meupe yakajaa kitambaa chote. Muda ukapita. Nakwambia ulipita. Halafu kichwa kikachomoza, kinatema maji, na mdomo ukafunguka, akacheka.

Mzee Mseti alisimama, akaenda mpaka kwenye kitambaa, akamnyooshea fimbo yule mtu. "Nyamhanga! Toka majini, mura! Umetuchelewesha harusi!"

Ghala lilipasuka. Vigelegele, vumbi, magunia yakang'olewa madirishani mwanga ukaingia na filamu ikafutika, hakuna aliyejali. Benedicto akataka kuweka mkebe wa sita. Mzee Mseti akamshika mkono. "Baba amefika nyumbani. Usimrudishe tena majini." Kwa hiyo Genkuru mpaka leo hawajui mwisho wa mfululizo ule, na hawataki kuujua. Harusi ikafungwa Jumatano iliyofuata, maana chakula cha kwanza kilikuwa kimeliwa msibani. Nilimbeba bibi harusi kwa gari la sinema, honi mpaka Tarime.

Baada ya hapo Benedicto alifundisha mafundi wawili, alizunguka na sinema miaka ya kuhamia vijiji bila kulala kwake mwezi mzima, na akapewa cheti cha mfanyakazi bora mara tatu. Mimi mara mbili, lakini hii si siku yangu. Yeye na Wegesa wana watoto sita, na wa kwanza anaitwa Nyamhanga. Hajui kuogelea.

Linabaki neno moja, nami sikulisema kwa miaka kumi na mitano. Siku ile Genkuru wazee walimwuliza Benedicto nani aliacha mkebe Mugumu. Alijibu mbele ya wote, "Mimi. Nilisahau." Ofisini walimwuliza, akajibu vilevile, na zile siku nne, kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi, zikaandikwa katika faili lake kuwa utoro. Hakusahau. Aliipakia mikebe yote sita kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyeshusha mmoja, kwa sababu nilikuwa nimenunua kuku watano Mugumu na nilitaka nafasi yao. Yeye alijua. Alinitazama mara moja tu, halafu akafunga viatu.

Shemeji Wegesa, ulikaa ndani siku nne zaidi umepakwa samli kwa ajili ya kuku wangu. Naomba radhi. Na karani, kwa kuwa umekaa hapo na kalamu, fungua faili la Benedicto leo kabla hajatoka, ufute utoro ule, uandike jina langu.

Asante, Benedicto, kwa macho uliyotufungua na kwa mdomo uliofunga. Wafanyakazi wenzako wote tunakuombea uzee wenye maziwa, wajukuu na miguu isiyouma. Nenda salama nyumbani, ndugu yangu.