Sare na Antoni

Benchi la kahawa la Mama Kandida, nje ya duka la fundi cherehani pale Ifakara, lilikuwa na wenyewe: Donati, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki, na Fridolin, aliyejipachika jina la Bwana Shauri. Asubuhi ile ya mvua, mwaka 1957, Evaristo alikaa katikati yao, kahawa ikimpolea mkononi. Jana yake alikuwa anamshinda Antoni wa Mahenge kwenye sataranji, wazi kabisa, kisha akamnyooshea mkono wakubaliane sare. Antoni alikuwa anaongoza kwa pointi, hivyo kwa sare hiyo kombe likapanda Mahenge.

— Ngome mbili kwa moja, alisema Redio. Hata mimi nisiyejua kucheza ningemaliza.

— Karogwa huyu, alisema Bwana Shauri. Hukuona yule alivyoanza? Kasukuma askari wa pembeni kabisa, wa mbele ya ngome. Nani anaanza hivyo?

— Ubao wenyewe ulipakwa mafuta. Nilinusa.

— Mafuta wapi. Kule wana jini lao. Linakaa ndani ya farasi, linakuchagulia pa kwenda.

— Basi ndiyo maana farasi wake alikuwa ananitazama mimi.

Evaristo hakucheka. Alimjua mtu mmoja tu aliyeanza na askari wa pembeni: kaka yake, Ildefonce, aliyemfundisha mchezo huo. Masika iliyopita Ildefonce na Antoni walipanda mtumbwi mmoja kuvuka Kilombero. Mtumbwi ukapinduka, akatoka Antoni peke yake; mwili wa Ildefonce mto haukuurudisha. Jana, askari yule aliposogezwa, Evaristo aliinua macho akamkuta Antoni machozi yanamtoka. Tangu hapo kila kete aliyoila aliiweka pembeni polepole, bila raha.

— Alianza kama kaka, alisema hatimaye. Ningemfungaje?

Hapo akaingia chini ya paa mtu mzima aliyelowa, kofia mkononi.

— Shikamoo, mama. Hamjambo, ndugu zangu. Mimi Barnaba, natoka Masagati. Nililima na Ildefonce kule. Habari za msiba zimenifikia juzi tu. Kaburi lake liko wapi, nikamwombee?

Redio aliangalia matope. Bwana Shauri alikohoa. Mama Kandida aliinama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Evaristo alisogea, akampa mgeni nafasi.

— Kaa kwanza, kaka.

Barnaba akakaa, akimtazama, akingoja aelekezwe njia.