Mwalimu Patroba Osundwa na Mapigo ya Asubuhi

Chrispinus Lusweti, shemeji yake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya, alikutana naye Februari 1990 sokoni Matete, alikokuwa akiuza saa za mitumba. Marehemu alichukua saa ya kupimia mbio, akaweka vidole shingoni, akajihesabu mapigo mara sita.

“Bwana, unanunua saa ama unaioa?”

“Ikidanganya, wasichana wangu wa mbio wataumia.”

Watu walijaa kutazama. Lusweti alishusha bei ili aondoke tu.

Patroba Osundwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 huko Matungu, kwa wakulima wa miwa. Alimaliza kidato cha nne, akasomea useremala katika chuo cha Sigalagala, na kuanzia 1983 alifundisha ufundi na mbio katika shule ya wasichana karibu na Shirere. Hakutulia. Kila asubuhi wasichana walihesabu mapigo kabla ya kutoka kitandani, naye akiandika namba daftarini. Mwaka 1994 alihudhuria kozi ya makocha Nairobi, wiki mbili. Aliporudi alichana ratiba yake ya miaka kumi na moja mbele ya timu. “Nilikuwa nawachosha bure. Nilikosea.” Tangu hapo, siku mbili kabla ya mashindano walipumzika, walimu wenzake wakimcheka: “Osundwa, unafuga sungura?”

Alimwoa Zilpah, dada yake Lusweti, tarehe 24 Agosti 1991. Siku ya posa aliitoa ile saa. “Wazee wangu, tumeongea saa mbili na robo. Maneno yenyewe ni dakika nne.” Nusura akose mke.

Julai 1996 Beverly, binti yake Lusweti na mwanafunzi wa marehemu, alikuwa akimbie mashindano ya mkoa. Lusweti alileta gari zima la watu kutoka Matete. Asubuhi hiyo mapigo ya Beverly yalikuwa yamepanda kutoka 58 hadi 76. Marehemu akamtoa mashindanoni.

“Shemeji, mtoto ni wangu!”

“Ni wako. Lakini hakimbii.”

Siku ya tatu Beverly alilazwa kwa homa ya matumbo. Lusweti alinuna hadi Krismasi, kisha akampelekea marehemu jogoo wa kuomba radhi.

Januari 1998 Zilpah aliona daftari chini ya godoro. Mapigo ya marehemu mwenyewe yalikuwa yakipanda tangu Oktoba, na hakumwambia mtu.

“Baba Willis, msichana mwenye namba hizi ungemwacha akimbie?”

“Mimi sikimbii, Mama Willis. Nasimama tu kando.”

Moyo ulikuwa umechoka. Alifariki hospitalini Kakamega tarehe 14 Machi 1998.

Ameacha mjane, Zilpah, watoto Willis na Musimbi, na madaftari thelathini na moja ambayo Beverly ameyachukua. Jumatatu ataanza kuwahesabu wasichana mapigo. Lusweti alibakiwa na binti mwenye afya, akapoteza mtu wa pekee aliyemshinda sokoni. Marehemu aliwapa wote mapumziko, akajinyima yeye.

Sasa ni zamu ya Mwalimu. Apumzike, na kwa amani.