Sentimita Makumi Mbili za Tata Stany

«Goli yenu inapita ya kwetu sentimita makumi mbili! Munataka gardien wangu, mulinda-goli, azame humo sawa mu mto?»

Hayo ndiyo maneno ambayo marehemu Stanislas Ntambwe Beya, ambaye wote tulimuita Tata Stany, aliyapiga kelele katikati ya kiwanja cha Likasi, Jumamosi tarehe 17 Mei 2008, saa nane na nusu mchana. Mkononi alishika dekameta, ile mita ndefu ya chuma ambayo hakuiachaga. Kocha wa Likasi, Tata Badibanga, alimjibu: «Weye mupima-udongo, tulikuita kuya kucheza mupira ao kuya kujenga nyumba?» Watu wakacheka. Tata Stany hakucheka. Alipandisha wachezaji wake ndani ya basi, mechi haikuchezwa, na mawe yakafuata basi mpaka kwenye lami.

Leo, siku ya kumzika, tunaanzia hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema: «Siku mutasoma habari yangu, musianze na ubatizo. Muanze na makosa.» Basi tumeanza na makosa. Sasa turudi nyuma.

Alizaliwa Kisenge, territoire ya Dilolo, tarehe 3 Novemba 1957, mtoto wa tatu wa Tata Beya Donatien, mfanyakazi wa mgodi wa manganese, na Mama Nkulu Thérèse. Akiwa na miaka sita alikuwa anapima bukari, yaani ugali, ya kila mtoto kwa kijiti, aone kama mama amependelea mtu. Siku moja alikuta kweli kuna aliyependelewa, na ni yeye. Alikata kipande chake akakiweka kwenye sahani ya mdogo wake Ndaya. Mdogo wake alikula, hakuuliza maswali.

Shule ya msingi aliisoma Kisenge kuanzia 1964 hadi 1970. Kisha alikuja Kolwezi kwa mjomba, akasoma shule ya ufundi, akapata diploma ya upimaji wa ardhi mwaka 1977. Hesabu zilimpenda. Kifaransa alipigana nacho mpaka uzee, na hakuna aliyeshinda.

Mwaka 1978 aliingia kampani ya migodi, akapima mashimo ya Mashamba na Mutoshi kwa miaka makumi mbili na tano. Kazi ilipoisha, mwaka 2003, wengine waliomba kiti, wengine baiskeli. Yeye aliomba dekameta yake ya zamani. Walimpa bila maneno. Leo tunajua kwa nini hawakubishana.

Tarehe 12 Julai 1986 alikuwa amefunga ndoa na Marie Kabemba, aliyeketi hapa mbele yetu. Mama Marie anasema: «Huyu mwanaume hakuniambia ‹nakupenda›. Aliniambia: ‹Nyumba yangu ni metre nane kwa sita, na madirisha mbili.› Nikaona, huyu hajui kudanganya.» Mungu aliwapa watoto watatu: Rachelle, Gael na Noëlla.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu Mapendano, hapa Kolwezi, kilimchukua kutunza vifaa vya upimaji. Mwaka uliofuata alianzisha timu ya mpira ya wanafunzi, Malachite. Kiwanja alikipima mwenyewe, magoli aliyasimamisha mwenyewe. Tarehe 3 Mei 2008 Malachite walipiga timu ya chuo cha Likasi moja kwa sifuri hapa kwetu. Mara mbili mpira wa Likasi uligonga nguzo ya goli ukarudi. Wakubwa kwa wadogo tulicheza barabarani, tukaimba kwamba Likasi wanajua kupiga nguzo lakini hawana miguu ya kufunga. Baada ya wiki mbili timu ilikwenda Likasi kwa mechi ya kurudiana, ile tunaita retour, ndipo Tata Stany akapima goli lao na kusema yale tuliyosoma juu.

Chuo kilivunja timu kwa sababu ya mawe. Kiwanja kikawa fasi ya kupaki malori. Kule Likasi, Tata Badibanga aliondolewa ukocha, kwani wakubwa wake waliamini kwamba alipanua goli. Na tangu siku ile, mwanafunzi wa Kolwezi akipita Likasi, hata kama anaenda kumuona shangazi, wanampigia kelele: «Retour iko wapi? Tunabadai!»

Miaka kumi na tatu Tata Stany alitembea na kifua mbele. Mwezi wa Agosti 2021, Noëlla alikuwa anajenga nyumba Mutoshi. Baba yake alipima chumba: metre sita. Fundi wa mbao, Philippe Kyungu, alileta mbao za metre sita. Zikapita ukuta.

«Mbao yako ni ya uongo, Philippe!»

«Tata, mbao haina kinywa. Tuangalie mita yako.»

Philippe alilaza mita mbili chini, yake na ya Tata Stany, bega kwa bega. Mpaka metre ya nne zilikwenda pamoja kama watoto wa shule. Kwenye tano ya Tata Stany, ya Philippe ilikuwa bado nne na sentimita makumi nane. Walisugua kutu na mafuta, wakaona msumari mdogo: zamani, kule mgodini, mtu aliikata, akatupa kipande cha sentimita makumi mbili, akaunganisha. Mwenye kupima watu wote hakuwahi kuipima mita yake.

Asubuhi yake aliazima mita ya Philippe, akaenda chuoni, akapita kati ya malori, akapima magoli ya zamani. Goli la kweli ni metre saba na sentimita makumi tatu na mbili. La kwetu lilikuwa saba na kumi na mbili. Akafika kwa mdogo wake, akasimama mlangoni, hakuketi.

«Ndaya, goli ya Likasi ilikuwa sawa. Ya kwetu njo ilikuwa ndogo. Ile mipira mbili yenye iligonga nguzo, ilikuwa ya kuingia.»

«Yaya, kaka yangu, nani atajua? Kaa, kunywa chai.»

«Mi najua.»

Chai ilipoa. Tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja tu: Malachite wafufuke, waende Likasi, wacheze ile retour kabla yeye hajafa.

Mara kumi na moja alipanda ngazi za rectorat, ofisi ya mkuu wa chuo. Walimwambia: «Tata Stany, mupira yako ilituleteaga mawe.» Alijibu: «Siombi feza. Naomba kiwanja.» Februari 2023 walimpa karatasi. Malori yalitoka moja moja, na madereva walimtukana kwa lugha zote za Kongo. Naye aliwashukuru kwa zote. Siku ya kwanza walikuja wachezaji saba, wawili bila viatu, na mmoja alifikiri kuna msaada unagawiwa. Magoli mapya yalipimwa na mita ya Philippe, mbele ya mashahidi.

Wengine walimshauri achukue vijana wenye nguvu kutoka machimbo, awape kadi za chuo, maana Likasi hawapigwi ila na miguu migumu. Glodi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa kapiteni, naye alijaribu: «Tata, bawili tu.» Tata Stany alikataa: «Hatuendi kulipa uongo na uongo ingine.» Mwisho wa mwaka 2024 Malachite walikuwa vijana makumi tatu na moja, na wasichana nao wakaunda timu yao, ambayo kwa sasa ndiyo inayoshinda zaidi. Wanaume wameombwa kuvumilia.

Aliandika Likasi barua tatu. Hakuna jibu. Tarehe 9 Machi 2024 alipanda basi mwenyewe, akamkuta Tata Badibanga nyumbani kwake.

«Tata Badibanga, goli yenu ilikuwa sawa. Mita yangu ilikuwa mubovu.»

Mwenzake alimsimamisha mlangoni. Kisha akasema: «Miaka kumi na sita batoto ba jirani bananiita Mwizi wa Goli, mbele ya bajukuu bangu. Na weye unakuya kuniambia polepole ku mulango? Siku ya retour utasema mu micro, Likasi yote isikie. Apo njo itaisha.»

«Nitasema.»

Vyuo viwili vilichukua mwaka mzima kukubaliana tarehe: Jumamosi 26 Aprili 2025.

Mwezi wa Desemba 2024 kifua kilianza kumsumbua, ile vumbi ya miaka mingi ya migodi. Alilazwa hospitalini mara tatu. Machi alipumua kwa mashine. Kila asubuhi alijizoeza maneno ya kusema Likasi, na kwa kuwa pumzi ilikuwa fupi, aliyafupisha: «Likasi, goli yenu ilikuwa sawa. Mutusamehe.» Daktari alipomkataza safari, aliyaandika kwenye karatasi akampa Glodi. Wanafunzi walitaka kusogeza mechi mbele. Aliwaambia: «Tumesogeza miaka kumi na saba. Inatosha.»

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 24 Aprili 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa Mama Marie. Wachezaji walijaa uani kwa nyumba wakilia, wakisema hawaendi tena. Mama Marie alitoka, akafunga kitambaa vizuri, akasema: «Muende. Mukibakia hapa, ataamuka abafukuze yeye mwenyewe.»

Ameacha mjane Marie Kabemba, watoto Rachelle, Gael na Noëlla, wajukuu saba, wadogo wawili, Ndaya na Donatien, na timu mbili za mpira ambazo zimekuwa watoto wa nyumba hii kwa kelele na kwa kula.

Karatasi hii ilikuwa imeisha kufika kwa mchapaji siku ya Ijumaa. Tuliirudisha, kwa sababu ya yale ya Jumamosi, na mchapaji atatusamehe.

Jumamosi Malachite waliingia kiwanja cha Likasi na kitambaa cheusi mkononi. Watu walikuwa wanapiga kelele: «Retour! Retour!» Kabla ya mpira kupigwa, Glodi alikwenda kwenye micro, kile kipaza sauti, akafungua karatasi. Tata Badibanga aliinuka kwenye kiti, akaichukua micro kutoka kwa Glodi.

«Kunja karatasi, mutoto,» alisema. «Mwenye kuandika hii maneno alikuya kwangu na miguu yake, akaisema. Nilisikia. Mi njo nilimuongezea ya pili, ya kusema mu micro.» Akawageukia watu wake: «Ba Likasi, goli yetu ilikuwa sawa. Stany alipima tena, akaona, akakubali. Musimutukane tena. Sasa tucheze.»

Walicheza. Tulipigwa mbili kwa moja, na hatutaki kusikia kisingizio cha mtu yeyote. Mwezi wa Agosti Likasi watakuja hapa kwetu, chuo kimeisha kuandika kwenye programu yake ya mwaka. Tata Badibanga yuko nasi leo, mstari wa pili, na alikuja na basi nzima.

Lala vizuri, Tata Stany. Sasa Likasi hawakudai tena kitu.