Mshale Haukutoka Katikati

Zima hilo gari kwanza. Wewe kitinda mimba wangu, rudi uani ukalizime, uniletee ufunguo hapa mkononi, maana leo sipandi mle ndani, na mkinipandisha kwa nguvu nitapiga kelele mpaka majirani wajae. Godoro mlilolitandika kiti cha nyuma liacheni huko huko. Barua ya daktari ya kunipeleka hospitali kubwa iwekeni mezani, barua haina miguu. Na wewe Mwalimu, binti yangu uliyeniuguza miezi minne bila kununa hata siku moja, ile simu uliyompigia kaka yako usiikate. Fungua spika, iweke hapa juu ya mto, karibu na mdomo wangu. Najua tangu apokee hajatamka neno. Nasikia cherehani yake tu, inakwenda, inapumzika, inakwenda tena. Anashona huku ananisikiliza, au anashona ili asinisikilize. Haidhuru. Asikate tu. Mwambie baba anamwomba asikate.

Haya, gari limenyamaza. Sikilizeni wanangu, nyinyi wawili mlio mbele yangu na yule mkubwa wenu aliye mji wa mbali, sikilizeni upesi, maana pumzi yangu inahesabika. Nimeshika spana miaka arobaini na miwili. Watu waliniita Fundi Sikio kwa sababu gari likikata kona kule mwanzo wa mtaa, kabla halijafika bandani kwangu, nilikuwa nimeshajua beringi ya gurudumu gani imekwisha. Sikio hilo lilinipa heshima, heshima ikanitia kiburi, na kiburi hicho kimenifanya nilale na jambo kifuani miaka kumi na moja, kama mtu aliyemeza msumari. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndiyo naumbuka hivi, mchana kweupe, mbele ya watoto wangu.

Gari letu mnalijua. Kitinda mimba, ulirudishwa nyumbani kutoka kwa wakunga ukiwa ndani yake, siku tatu za dunia, unalia kuishinda injini. Wateja nilikuwa nawaambia rejeta haitaki maji ya kisima, yana chumvi, tieni ile dawa yake ya kijani. Langu mwenyewe nikalijaza kwa ndoo kwa sababu kisima kilikuwa hatua kumi tu kutoka bandani. Mganga hajigangi. Chumvi ikajijenga ndani ya rejeta, maji yakakosa njia, gari likaanza kuchemka. Fundi mzima mimi nikatoa thamostati, kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, nikaitupa, kama tunavyofanya mafundi wengi tunapotaka mteja aondoke haraka akiwa anatabasamu. Likapoa mwezi mmoja, likachemka tena. Nikaunganisha feni moja kwa moja na betri izunguke muda wote. Likapoa wiki mbili. Kila mara nilituliza homa, ugonjwa nikauacha ukae.

Lakini moto wa injini haukuninyima raha. Aliyeninyima raha alikuwa mama yenu. Akikaa kiti cha mbele hatazami barabara, anatazama geji ya joto. "Baba watoto, mshale unapanda! Baba watoto, simama!" Siku moja alitamka hivyo langoni pa banda, mbele ya wateja watatu, na mmoja akacheka, akasema kama gari la fundi linachemka, letu nani atalipoza? Nilicheka nao. Walipoondoka nikafungua dashibodi, nikaukata waya wa geji, na mahali pake nikafunga kijidude cha umeme nilichokichomoa kwenye redio mbovu, kidogo kama punje ya mchele, nikakizungushia tepu nyeusi. Tangu saa ile ukiweka ufunguo tu, mshale unapanda mpaka katikati na kutulia. Injini iwe ya baridi, iwe inaungua, mshale uko katikati. Nilijiambia wiki ijayo nitaishusha rejeta niizibue. Wiki ijayo! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliutundikia pazia.

Mama yenu alifurahi, masikini. Mnakumbuka alivyojigamba kwa wenzake, gari letu halijui kuchemka, mume wangu kalitia mkono. Hata nyinyi mlikuwa mkiitikia. Hakuna aliyejiuliza ni gari gani hili ambalo limelala baridi usiku mzima na asubuhi mshale uko katikati. Mlimwamini fundi wenu.

Sasa nafika pale. Mwalimu, nipe maji. Kijiko kimoja kinatosha.

Siku mama yenu alipobanwa na kifua, mimi nilikuwa chini ya lori la mteja upande wa pili wa mji. Kifungua mimba ndiye aliyembeba mikononi, akamtia garini, akashika barabara ya mlimani kwenda hospitali hiyo hiyo mnayotaka kunipeleka leo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliendesha kama nilivyomfundisha mwenyewe, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye geji, na geji ikamwambia kaza mwendo, hakuna neno. Kwenye kona ya tatu ya mlima injini ikakata. Maji yamekwisha yote, gasketi imeungua, moshi mweupe umefunika kioo. Alivua shati akasimama katikati ya barabara analipunga, na magari yakampita. Mama yenu alifia kiti cha mbele, akisubiri maji na msaada, na mtoto wake yuko kifua wazi juani.

Nilipofika nilitazama boneti, nikamtazama mke wangu, nikajua. Sijalia bado, nimeshajua. Na badala ya kumkumbatia mwanangu, niliogopa. Niliogopa watu wangesema Fundi Sikio kamuua mkewe kwa punje ya redio. Basi msibani, ndugu na jamaa wamejaa mpaka nje, nikasimama nikamnyooshea kidole: umemuua mama yako, uliona mshale unapanda ukapuuza. Akasema, "Baba, naapa, mshale haukutoka katikati." Nikamwita mwongo. Akarudia kwa sauti ya chini, "Haukutoka katikati, baba." Nikamfukuza. Nikamwambia mwongo asikanyage kaburi la mama yake. Akaondoka na mfuko mmoja wa nguo, na tangu siku hiyo hajashika usukani wa gari lolote. Amejifungia na cherehani katika mji ambao hakuna anayemjua kwa jina la baba yake. Ulimi hauna mfupa, wanangu, ila wangu ulimvunja mtoto.

Yule fundi wa rejeta tunayepakana naye ukuta, mnadhani tuligombania mteja. Siyo. Siku ya pili ya msiba alikuja bandani akaitazama rejeta, akaniambia, "Hii imeziba miaka mingi, kijana hana kosa. Hebu niione na geji yako." Nilimtoa mbio na spana namba ishirini na nne. Miaka kumi na moja simwamkii, na kosa lake ni kwamba aliona.

Injini niliifufua mwenyewe, mlango umefungwa, fundi mwingine hakuigusa. Hedi peke yake, kile kichwa cha injini, ndiyo niliyoipeleka nje ikasawazishwa, gasketi nikatia mpya, kila kitu nikarudisha mahali pake. Nilipofika nyuma ya dashibodi niliigusa ile tepu nyeusi. Kuing'oa ile punje ilikuwa ni kukiri, nikaiacha, nikakaza skrubu, nikawapiga marufuku msilipandishe gari mlimani hata kwa dakika moja. Nanyi mkanihurumia, mkasema huzuni ya mama haijamtoka mzee.

Kitinda mimba, usinitolee macho. Chukua bisibisi yangu ya mpini mwekundu, nenda garini, fungua skrubu nne zinazoshika kioo cha geji, pitisha mkono nyuma upande wa kulia, utagusa tepu nyeusi. Ing'oe uniletee. Ukishaing'oa, weka ufunguo, utauona mshale umeanguka chini kabisa kama mtu aliyezirai. Kimbia. Dirisha li wazi, utanisikia.

Na msidhani ni habari za zamani tu. Leo gari hilo ni bovu kuliko siku ile. Giaboksi yake si mmeisikia? Unaweka gia ya D ya kwenda mbele, linakaa kimya kama mtu anayetafuta uongo wa kujibu, halafu linaruka kwa teke. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari halisogei. Mwezi uliopita nilijikokota nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Inatakiwa iwe nyekundu. Imekuwa chai ya maziwa. Rejeta imetoboka kwa ndani, pale oili inapopita kupozwa, maji yameingia kwenye giaboksi. Gari hilo kona ya tatu halifiki salama. Lingezimika palepale, mimi kwenye godoro nyuma, mdogo wenu kwenye usukani, mshale umetulia katikati, na kesho watu wangemnyooshea kidole yeye. Mlipoliwasha asubuhi hii niliona watoto wangu wawili kwenye kiti kimoja cha dereva, yule wa siku ile na huyu wa leo, na Mungu shahidi, sijapata kuogopa hivyo. Kufa siogopi. Naogopa kufa na kauli hii mdomoni.

Mwalimu, bado inashona? Bado. Sawa. Ashone.

Andika basi, na uandike upesi, mkono wangu hauwezi tena. Banda na spana zote ni za kitinda mimba, kwa sharti moja, asimfichie mteja ugonjwa wa gari lake hata kwa siku moja. Nyumba ni yenu watatu, hapana wa kumtoa mwenzake. Chumba cha mbele, kile chenye madirisha mawili, ni cha kaka yenu. Kushona kunataka mwanga. Gari msimuuzie mtu likatembea. Likatweni vyuma. Na fundi wa rejeta, nendeni mkamwamkie kwa heshima zote, mwambieni Fundi Sikio anasema uliona sawasawa. Ana pikapu. Akikubali kunipeleka hospitali, nitakwenda naye, nikiwa bado nina pumzi ya kupandia. Akikataa msimlaumu.

Siku ya kunizika, Mwalimu, kabla sijashushwa, simama mahali pale niliposimama nikamnyooshea kidole kaka yako, uwaambie watu kwa sauti yako ya darasani: baba yetu ndiye aliyekata waya, na mwanawe alisema kweli. Usipunguze. Usiseme nilighafilika, usiseme ni uzee. Nilimwaibisha mbele ya watu, nisafishwe... hapana, si mimi. Asafishwe yeye mbele ya watu hao hao. Waliokufa kati yao, niachieni, nitawaambia mwenyewe.

Umerudi. Sogea, kitinda mimba. Lete. Weka hapa kiganjani... Tazameni. Hii. Hata kuku asingehangaika nayo. Mshale umeanguka? Umeanguka. Usilie, kaa hapa, nishike mkono.

Sogeza simu, Mwalimu. Karibu zaidi. Mwanangu... mwanangu mkubwa, mimi ni baba yako. Mshale haukutoka katikati. Ulisema kweli mara mbili, na mara zote mbili nilijua. Mama yako hukumuua wewe. Alikufa akiwa na mtoto aliyempigania, na aliyemuua alikuwa chini ya lori, anapiga mluzi. Mzazi ndiye hutoa radhi, mimi leo naomba. Usinijibu kama huna la kujibu. Hii punje watakuletea. Itie kwenye kopo la vifungo vyako... siku ukiitwa mwongo tena, uitazame. Na uende kaburini kwa mama yako. Nenda hata kesho. Anakusubiri wewe, mimi... mimi sijui kama atanipokea.

Inameni, vichwa vyenu, mkono haufiki mbali. Mungu awape usingizi mwororo, na watoto wa kuwaambieni kweli, na masikio... ya kuwaamini wakisema. Mshikane. Msiachane kwa neno la... la mtu mwenye kiburi. Na yule wa mbali baraka yake ni ile ile, nzima, sikuikata, nilii... nilimnyima tu kuisikia.

Fungueni dirisha jingine. Moto. Nasikia moto...

Ngoja. Nyamazeni kidogo. Mwalimu, simu bado iko hewani? Hajakata? ... Basi ni yeye. Sikio langu... halijawahi...

Cherehani imesimama.