Lajna ya Golikipa

Kikao cha Nne cha Dharura cha Lajna Ndogo ya Kuangalia Hali ya Lango la Timu ya Sidra, kiangazi cha mwaka 2003, kilifunguliwa baada ya sala ya alasiri kando ya duka la vipuri la Mahrous, mjini Ibra, juu ya kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu. Lajna, yaani kamati, ilikuwa na Waomani watatu waliorudi kutoka Afrika Mashariki, dalla moja, yaani birika la kahawa, na sahani ya tende. Kulia kwao duka, kushoto gereji, na mbele barabara ya Sur, ambayo kila aliyeipita ilikuwa lazima ajadiliwe. Ligi ya mitaa ilikuwa inaanza mwezi unaofuata, usajili unafungwa magharibi ya siku ile ile, na Sidra ilikuwa na washambuliaji wa kumwaga, mabeki wa kuazimisha, na golini hamna mtu.

Aliyekuwa na taabu hasa ni Himid, mwenyekiti, ambaye kijiwe kilimwita Mudir, mkurugenzi. Alikuwa karani wa serikali, na imani yake ilikuwa kwamba jambo lisilo na jina refu haliwezi kutatuliwa. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kulitatua nusu yake. Alimwita Ghanim, golikipa wa Sidra tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akamwambia timu inamshukuru kwa dhati na inampa nafasi ya kupumzika. Ghanim alinyamaza. Lakini Ghanim ni kaka yake Asya, na Asya ni mke wa Himid, naye Asya alinyamaza vilevile, na adhuhuri Himid akakuta jiko pia limenyamaza. Kwa hiyo alifika kikaoni hana golikipa wala chakula cha mchana, na tende alizila zaidi ya ilivyo desturi yake.

Tumaini lote lilikuwa kwa Marzouq, kijana wa mji wa Mudhaibi, aliyemaliza muda wake na timu ya kwao na sasa yu huru, anaweza kwenda atakako. Msimu uliopita aliwadakia Sidra penalti zao zote, na ya mwisho, walisema, aliidaka huku anapiga chafya. Tangu Jumamosi lajna ilikuwa inajadili namna ya kumfikia bila kuonekana ina njaa naye.

— Tukimwendea sisi atatupanda kichwani, alisema Himid. Mtu huru aachwe aje kwa hiari yake.

— Atakuja lini, na jua hilo linashuka? aliuliza Khelef.

Khelef, mzaliwa wa Tabora, aliitwa Redio kwa sababu alikuwa na habari kila saa, na hakuna aliyewahi kumzima. Habari ya leo ilikuwa kwamba Falaj, mahasimu wao wa mtaa wa pili, wamekwisha kumwahidi Marzouq ngamia jike mwenye mimba.

Mahrous alicheka. Yeye aliwahi kuendesha gari la ubalozi mmoja Maskati, akaitwa Balozi, na mambo yote aliyapima kwa kipimo cha siri za dola. Ngamia ni danganya toto, alisema. Ukweli ni kwamba kijana anatakiwa ufukweni Ras al Jinz akalinde kasa. Golikipa gani mwingine anaweza kukaa macho, akatazama mchanga, asichoke? Tena watoto wa kasa wakianguliwa wanatimua mbio kila upande, na yeye kazi yake kuwadaka. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe.

— Yakhe, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alihitimisha Balozi.

— Hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Himid.

— Kuku anadakwa, sivyo? Bas.

Hapo ndipo alipofika mzee mmoja mwembamba, kanzu safi ya dishdasha, mkononi bakora nyembamba, akasalimu kwa Kiarabu cha Mabedui wa mchangani. Lajna yote ikainuka. Wakaulizana hali, wakaulizana habari, habari ikawa kheri, na kheri ikarudiwa mara nyingi kama adabu inavyotaka. Wakampa nafasi katikati. Redio akamimina finjani, akampa. Mzee akaipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake, akatulia, macho kwa Himid.

Hakuna aliyemuuliza shida yake. Kiti kile kilikaa baina ya duka la vipuri na gereji, na mtu yeyote asiyesema shida yake huhesabiwa anasubiri gari lake litengenezwe.

Lajna ikarudi kwenye Kiswahili na kwenye kazi.

Sasa Redio alikuwa amepata moto. Alisema kuna daktari aliyempima Marzouq mikono, akakuta wa kushoto umezidi wa kulia kwa shubiri nzima, jambo linalofichwa na mikono ya dishdasha. Balozi akasema hilo halielezi kitu. Linaloeleza ni kwamba Marzouq ni wawili. Pacha. Mmoja anacheza kipindi cha kwanza, mwingine cha pili, na ndiyo maana hachoki wala hachafuki.

— Basi tukimsajili mmoja tunapata wawili kwa jina moja, alisema Redio, na akashindwa kujizuia, akacheka mpaka tende ikampalia.

Himid naye alicheka, kidogo kwa njaa. Lakini alipogeuka alikuta macho ya mgeni yangali juu yake, na finjani haijaguswa. Kitu kikamcheza moyoni, akashindwa kukipa jina.

— Mgeni hanywi, alisema.

— Imempoa, alisema Redio. Akaichukua ile finjani, akaimwaga kando, akamimina nyingine ya moto.

Mzee aliitazama ile ardhi iliyolowa. Kisha akaipokea ya pili, akaiweka pale pale ilipokuwa ya kwanza.

Balozi akasema huyu anaumwa tumbo. Akaenda dukani kwake akarudi na Panadol mbili juu ya kifuniko cha mafuta ya injini. Mzee akamshukuru, akaziweka kando ya finjani. Redio akamwaga tena, akamimina tena. Wakaagiza chai ya maziwa mkahawa wa Wahindi ng'ambo ya barabara. Chai nayo ikawekwa kwenye mstari. Ikawa sasa mbele ya mgeni pana maonyesho.

— Wazee wa jangwani wagumu, alisema Redio kwa huruma. Halafu akarudi kwa Marzouq wake: Ah, Mudir, angalitokea leo hapa mtu mmoja tu wa upande wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Aamin, alisema Himid.

Redio akaimwaga finjani mara ya tatu, akainamisha dalla kumimina mara ya mwisho. Yalitoka masimbi ya kahawa na tone moja.

Mzee aliiona dalla tupu. Akainuka taratibu, akawaombea Mungu awatosheleze kwa fadhila zake, akavuka barabara. Pale ng'ambo ilikuwapo pikapu nyeupe. Akaiwasha, ikawaka mara moja.

Lajna ikatazamana. Gari lile lilikuwa zima kabisa.

Wakati huo akatokea Yazeed, kijana anayefundisha shule, mzaliwa wa hapa hapa, mama yake mtu wa Mudhaibi. Kiswahili alikinywa nyumbani, lakini si chote.

— Shikamooni. Ile mzee Musallam alikuja kutaka nini?

Redio alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, hakikutoka kitu.

— Unamjua? aliuliza Himid.

— Si ami yake Marzouq? Marzouq amepata kazi huku Ibra, anataka timu. Mzee anasema bora Sidra, sababu nyinyi mnafungwa kwa adabu. Alisema yeye atakuja kuomba. Yeye mwenyewe alikunywa kahawa?

— Hakunywa, alisema Himid polepole.

Yazeed akaketi. Akawaeleza, kwa heshima ya mwalimu anayewasomesha baba zake, kwamba mtu wa kule akiwa na haja anaiweka finjani chini. Mwenyeji anamuuliza, anamwambia kunywa, haja yako imekubaliwa. Ndipo anakunywa. Asipoulizwa, anajua jibu.

— Na akimwagiwa? aliuliza Balozi.

— Akimwagiwa nani?

— Tuseme mtu tu. Mara tatu.

Walimfuata mzee kwa gari la Balozi, Redio akiwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kunyamaza. Hawakwenda mbali. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama mbele ya majlisi ya Falaj, baraza yao ya wageni, milango wazi kwa ajili ya upepo. Mzee Musallam alikuwa ameketi juu, kwenye nafasi ya heshima. Mkononi ana finjani, tupu. Walimwona akiitikisa mara mbili, kama anavyofanya mtu aliyekunywa akatosheka.

Hakuna aliyeshuka garini.

— Mwenda tezi na omo, Balozi alianza.

— Nipeleke kwa Ghanim, alisema Himid. Na leo methali hiyo imeingia.

Ghanim alimpokea, akamkalisha, akampa kahawa. Himid akaiweka finjani chini. Alitazama mbele, mgongo wima, kama alivyomwona mzee.

Ghanim alizaliwa Unguja, Malindi, mahali ambapo kahawa ni kitu cha kunywa.

— Imepoa? alisema, akinyoosha mkono. Nikubadilishie?

— Usiiguse, alisema Maha, mkewe Ghanim, mtoto wa Ibra, kutoka nyuma ya pazia. Muulize anataka nini.

Ghanim akaurudisha mkono. Akamtazama shemeji yake, kisha ile finjani, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, na akachukua muda wake wote kabla ya kuuliza. Jua lilikuwa limekwisha kugusa milima.

— Haya, Mudir. Unataka nini?

Himid akasema anamtaka arudi golini. Ghanim akamwacha kidogo, kahawa ikapoa kweli.

— Kunywa, alisema.

Ghanim alisajiliwa huku muadhini wa magharibi anakohoa kwenye kipaza sauti. Marzouq alidakia Falaj. Msimu ule Sidra ilifungwa na Falaj nyumbani na ugenini, na Himid akawa anakula chakula cha mchana kwake kama zamani.